Madumu ya Dawa ya Magugu

Balbina,

Uji wa baba yako umo kwenye chupa ya chai, mpelekee hospitali. Maji ya kunywa chota kwenye ndoo tu. Madumu ya dawa ya magugu nimeyatoboa yote kwa panga, usiyatafute.

Asubuhi daktari amesema sumu iliyomlaza baba imetoka kwenye lile dumu la maji ya shambani. Usijilaumu, mwanangu. Kuliosha kwa majivu nilikufundisha mimi.

~~Akiniulizia, sema niko kanisani.~~ Mwambie ukweli: nimepeleka gunia la madumu dukani kwa muuza dawa. Mwaka juzi alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaahidi kuyapokea matupu yote. Nilikaa mstari wa mbele, nilimsikia.

Dumu la baba tu ndilo ambalo sikulitoboa. Lina maji bado. Nitamkaribisha muuza dawa anywe.

Mama yako