Mama wa Shofere

Jumatatu, 7 Julai
Koo bado linauma. Tangawizi haisaidii, maji ya chumvi hayasaidii. Vumbi la Kashojwa, hapa kambini, linamaliza kilichobaki. Jana filamu tatu mfululizo, mbili za vita na moja ya mamba. Ndiyo kazi ya vijei wa banda la video: picha zinakwenda kwa Kifaransa, wewe umeshika maikrofoni unawaambia watu kwa Kiswahili kinachosemwa. Kisiposemwa kitu, unasema wewe. Watu hawakuja kutazama midomo ikichezacheza.

Sulaiti, mwenye banda, amepiga simu kutoka Mbarara. Amepata sehemu ya nne ya yule dereva wa gari la mikate anayekimbizwa na polisi. Sisi hapa tunamwita Shofere. Anafurahi kama mtu aliyepata mapacha. Itaonyeshwa Jumamosi. Mimi nimeichoka kabla sijaiona.

Jumanne, 8 Julai
Dada Perpetua amerudi kutoka Ruharo, hospitali ya macho. Jirani yangu, tumetoka kilima kimoja Burundi. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili miaka mitano. Jicho la kwanza lilipasuliwa Mei, akakaa huko huko mpaka la pili wiki iliyopita. Leo ameenda bombani mwenyewe, bila fimbo. Wanawake wamepiga vigelegele.

Akanitazama muda mrefu.

“Kumbe umeshakuwa muzee hivi!”

Tukacheka. Kisha, akiwa bado anacheka, akasema Jumamosi atakaa benchi la mbele kabisa, amuone Shofere, na zaidi amuone mama yake. Nimesema sawa.

Jumatano, 9 Julai
Shofere hana mama.

Niandike ilivyokuwa, maana sijawahi kuiandika. Ilikuwa sehemu ya pili. Kuna mahali Shofere amesimama kituo cha mafuta, anajikuna sikio. Sekunde kumi, hasemi kitu. Dada Perpetua, kipofu, akauliza kwa sauti mbele ya banda zima: huyu mutoto hana mama? Mwanawe Deo aliondoka na lori la maharagwe miaka sita iliyopita. Hajapiga simu hata mara moja. Banda zima linajua. Nikasema kwenye maikrofoni: ndiyo huyu anampigia mama yake simu, anamwuliza kama amekula.

Watu wakaona anajikuna. Hakuna aliyenisaliti. Tangu siku ile kila Shofere akigusa sikio, anampigia mama. Sehemu ya tatu nikampa mama huyo shamba la ndizi na ugomvi na majirani. Wengine wanasema ndiye bora kuliko polisi.

Na Jumamosi Dada atakuja na macho.

Alhamisi, 10 Julai
Flashi imefika. Nimeitazama peke yangu mchana.

Upuuzi. Shofere hayumo kabisa. Wameleta kijana mwenye nywele za mafuta, eti mpwa wake. Mjomba ametajwa mara moja tu: “hayupo.” Polisi amezeeka, anatumbukia bwawani mara mbili, bwawa lile lile. Kukimbizana ni dakika nne. Muda uliobaki watu wamekaa ofisini wanaelezana. Hata mikate haimwagiki. Ni kama mtu aliyepika chungu kitamu mara tatu, mara ya nne anawatemea wageni mate.

Nimemwambia Sulaiti tusiionyeshe. Amekataa, akiniita “sebo,” yaani bwana.

“Wewe ongea tu, sebo. Watu nakuja sikia wewe, hapana filimu. Bango nishaweka.”

Ijumaa, 11 Julai
Nimepita mlangoni kwa Dada mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anachagua maharagwe, anatoa mawe, anacheka kila akiliona jiwe. Mara ya pili ameanika kitenge kipya, cha kesho.

Ningemwambia: Dada, nilitunga. Maneno mawili tu. Mimi hapa ninaongea saa sita kwa siku.

Sikusema. Mwoga.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu. Niandike haraka nilale.

Saa kumi banda limejaa, wengine wamesimama. Dada mbele, amevaa miwani myeusi ya hospitali. Nimeanza vizuri. Nikamtania kijana wa nywele za mafuta, watu wakacheka kidogo. Baada ya dakika kumi wakaanza: Shofere yuko wapi? Wakapiga mabenchi. Shofere! Shofere!

Sikuwa nimepanga jibu. Koo linauma, jasho, Dada amenyanyua uso anangoja kama wengine. Nikasema: Shofere hayupo, ameenda kumzika mama yake.

Ilitoka yenyewe. Nilidhani ni ujanja. Dereva haonekani, mama haonekani, yote yamejibiwa.

Kwetu msiba hautangazwi halafu watu wakaendelea kucheka. Mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja akashika shavu. Wanajua hakuna mama, miaka yote wanajua, lakini nimesema amekufa, na mimi ndiye wanayemsikiliza. Kwenye kioo polisi akatumbukia bwawani. Hakuna aliyecheka. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaoaga nyumba ya msiba.

Dada Perpetua alitoka wa tatu. Alijifunika kitenge kichwani, akapita katikati ya mabenchi bila kushika kitu.

Nilibaki na saa nzima ya filamu na watu tisa. Niliitafsiri yote.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa nimeenda kwake. Nimemwambia kila kitu. Kituo cha mafuta, sikio, shamba la ndizi. Nimesema vibaya, nimerukaruka.

Amenisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nilikuwaga kipofu, sikuwaga kiziwi,” alisema. “Sauti ya ule mama sikuisikia hata siku moja. Nilisikia yako tu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikauliza sasa kwa nini alikuwa anakuja.

“Juu Shofere alikuwa anapiga simu. Nikirudi nyumbani najisemea, kumbe bapo batoto benye kupiga. Sasa ule mama ulimuua juu ya nini? Deo akipiga kesho, anipate na mimi nimekufa?”

Mimi mwenye maneno ya kila mtu. Nililia kwa watu, mchana kweupe, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Baadaye akasema kesho nimpeleke Base Camp, makao makuu ya kambi, kwenye ubao wa picha za watu wanaotafuta ndugu zao. Hakupasuliwa macho kwa ajili ya filamu, alisema. Miaka yote wengine wamemtazamia picha hizo wakamwambia Deo hayupo.

Mmoja wa hao wengine ni mimi. Mwaka jana nilikwenda. Kulikuwa na jua kali. Nilipitisha macho dakika mbili, nikarudi nikamwambia nimetazama zote. Hili sikumwambia leo. Nimeweza kumwambia ya filamu, hili limenishinda.

Jumatatu, 14 Julai
Base Camp, saa tatu asubuhi. Boda mbili, vumbi.

Njiani nilimwambia. Nilimwomba dereva wangu amsogelee wake, nikapaza sauti, nikasema mwaka jana sikutazama zote. Aliitikia kwa kichwa tu. Sijui kama alishangaa.

Ubao ni mrefu kuliko nilivyokumbuka. Nikaanza kumsomea majina, mdomo umeshazoea.

“Nyamaza, kaka. Leo naangalia mwenyewe.”

Nikanyamaza.

Alivua miwani. Alianza juu kushoto, uso umekaribia ubao, picha moja moja. Wenye umri wa Deo aliwatazama mara mbili. Wengine wana ndevu, akawafunika kidevu kwa kidole aone macho. Watoto pia aliwatazama, na wazee, na wanawake. Hakuruka mtu. Adhuhuri alikuwa safu ya tatu. Nilimpa maji, akanywa akiwa amesimama. Jua lilipogeuka nikahamia upande wa pili, kivuli changu kimwangukie.

Alifika picha ya mwisho kama saa tisa. Deo hayumo.

Alipangusa macho, akarudi kwenye ya kwanza, akaanza upya. Nilibaki pale pale, kivuli changu kikimwangukia.