Verbena ya Bi Bharti Imelazwa Sebuleni

Mpendwa mshauri,

Habari ziwafikie jamaa na marafiki wa Kingsbury, Kenton na popote pale walipo, kwamba verbena ya Bi Bharti, ua mkaazi wa chungu cha udongo, imelazwa sebuleni ikiwa mahututi, na shughuli zote ziko nyumbani kwa Mbarouk, ambaye ni mimi, na naomba unisaidie kabla tangazo halijabadilika.

Nisikufiche. Bi Bharti ni jirani yangu, mjane, tumetoka naye Unguja, na marehemu mumewe Mahendra ndiye aliyenipokea London nilipokuja baada ya Mapinduzi, mwezi wa Januari, nimevaa shati jepesi la mikono mifupi, akavua koti lake palepale mlangoni akanivika, na Mahendra huyo ndiye aliyeipanda verbena hii kwa mkono wake kabla hajafariki, sasa ni mwaka wa tisa, na mjane wake hana kitu kingine cha mumewe kinachochanua. Novemba Bi Bharti akaenda Mombasa kwa mwanawe kukimbia baridi, akaniletea chungu amekipakata kama mtoto mchanga, akasema, "Bwana Mbarouk, hii amana. Wala usijisumbue. Iweke chumba cha nyuma kisicho na moto, karibu na dirisha, maji kidogo tu, yatatosha."

Mshauri, wewe ni mtu wa kwetu. Mgeni akikwambia "usijisumbue, mie hata ukumbini nitalala, na chakula nimeshakula," unamwamini? Basi nami nikajua ni heshima tu ya yule mama, hataki kunitaabisha, nikaiweka verbena sebuleni mahali pa mgeni, ubavuni mwa hita ya mafuta ya taa, maji asubuhi na jioni, usiku naifunika kanga, Ijumaa naifukiza ubani, na mke wangu Kijakazi ananitazama tu, mpaka siku moja akasema, "Miaka yote hii miguu yangu barafu, hujanifunika hata gazeti. Leo mti wa watu unalala na kanga yangu ya harusi?" na binti yetu ndiyo kabisa, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba huo ni mmea tu, baba.

Mwanzo ilirefuka, nikafurahi, nikasema mgeni amependezwa, kumbe inarefuka kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea, mashina membamba yanalala ovyo, majani yakaota unga mweupe, vidudu vyeupe vikawa vinaruka kila nikigusa pazia, na sasa chini kumekuwa kweusi, juu vimebaki vitawi vichache. Juzi Bi Bharti kapiga simu. "Mgeni wako hajambo?" Nikausikia mdomo wangu unasema, "Hajambo, mama, anakula vizuri."

Tangu hapo nikikaa nasimama, nikisimama naenda kuitazama. Kijakazi anasema ninunue nyingine sokoni, rangi ileile, niitie kwenye chungu kilekile, ua ni ua. Bi Bharti anarudi Aprili. Nimdanganye mjane wa mtu aliyenivika koti lake, au nimwambie nimeliua ua la mumewe kwa ukarimu?

Mbarouk, Kingsbury

*

Bwana Mbarouk,

Pole. Pole imekwisha, sasa kaa kitako.

Mwenye mali kakwambia, kwa Kiswahili, chumba cha nyuma, maji kidogo. Wewe ukasikia adabu. Mti hauna adabu, bwana. Mti haukatai sahani kwa kuona haya. Ukishiba, unaoza mizizi. Wakati wa baridi verbena inataka kulala, nawe umeikalisha karamuni miezi mitatu na moshi juu. Hata mimi ningekuwa mahututi.

Inuka. Kanga mrudishie mwenyewe na umtake radhi, na usiku huu mfunike miguu. Ubani acha. Chungu kipeleke chumba cha nyuma, dirishani penye mwanga, mbali na hita, lakini kisitoke nje, maana udongo ukiganda hapo tena hakuna la kushauriana. Usitie maji mpaka uchomeke kidole uukute udongo mkavu. Kwaruza shina kwa ukucha: ndani pakiwa kahawia, kata, pakiwa kijani, bado li hai. Vidudu viko chini ya majani, vioshe kwa maji ya sabuni.

Vile vitawi vya juu ndiyo bahati yako. Kata vya urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo cha jani, pukuchua majani ya chini, vichomeke kwenye udongo uliochanganywa mchanga, funika kwa mfuko wa nailoni uliotobolewa, kisha viache. Nimesema viache. Usiende kuvijulia hali. Vingine vitaoza, vingine vitashika. Kazi hii wenyewe huifanya Agosti, lakini Agosti ulikuwa bado hujapata mgeni. Visilale nje mpaka mwisho wa Mei, na kabla ya hapo uvizoeshe, mchana nje, jioni ndani. Haya sikufundishwa darasani. Nimewachungulia wazee wa Kiingereza kwenye vibustani vyao kando ya reli, na ukisimama kimya hawakufukuzi.

Ama hilo la kununua nyingine, hapana, na umwambie Kijakazi kwa upole. Bi Bharti ataijua kabla hajavua viatu. Na hata asipoijua, wewe utakuwa unajua, na kila ukipita mlangoni kwake utakuwa unatazama lami. Akipiga simu usimzungushe na habari za mvua. Mwambie: "Mama, niliidekeza, imeharibika, nimeotesha vitawi, sijui kama vitashika." Halafu nyamaza. Akikutukana, pokea. Ukipata kimoja kilichoshika, mpelekee siku anayofika, na usiongeze hotuba.

Sidhani kama atalia sana. Mahendra amefariki mwaka wa tisa huu, na verbena ya chungu, hata kwa mtu hodari, haifikishi miaka minne; hesabu mwenyewe kashaotesha vitawi mara ngapi.