Geti Jipya la Uwanja Wenu

Palma, Jumatatu

Shikamoo mjomba Nassoro,

Nakusalimu kutoka kwenye uwanja uliodakia, kipa wa Palma, ujana wako wote. Kampuni ya gesi imeuzungushia uzio na kuuwekea geti la chuma, maana minazi haikutosha kuwa mipaka. Jana walikuja kuuzindua kwa mechi ya Palma na Quionga. Mkubwa wao akasimama getini na mkasi mbele ya utepe mwekundu, akingoja timu zimfuate. Nani apite? Quionga walisema wenyeji wamefukia dawa chini ya geti. Wenyeji nao wakaapa kwamba Quionga ndio waliofukia. Basi timu zote mbili zikaruka uzio, viatu mkononi, na kapteni wa Palma akaacha nusu ya bukta kwenye waya. Mkubwa akakata utepe, akapita na mkalimani wake tu, kwa heshima zote.

Kisha akahutubia: leo Palma imepata timu yake ya kwanza. Tukapiga makofi, soda zilikuwa za bure. Kwa hiyo hongera, mjomba, yale mabao yote uliyofungwa hayakuwahi kutokea! Ila na ile penalti uliyodaka mpaka ukavunjika mkono, nayo imekwenda.

Jirani yako wa zamani, Bi Mwanaisha, ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Alisimama akauliza kwa sauti, "Na mkono wa Nassoro ulivunjikia wapi, baharini?"

Mkalimani akakohoa, hakutafsiri.

Huo mkono uchue vizuri kwa mafuta ya nazi, mjomba. Ndio ushahidi tuliobaki nao.

Mpwa wako akupendaye,
Zuhura