Fundi Wangu Alivyohamia kwa Mama Njoki

Kawangware,
Nairobi.

Kwako dada yangu mpendwa Berita,

Bwana asifiwe. Ni mimi mdogo wako Loise ninayekuandikia, na mkono wenyewe umepasuka kwa simiti, kwa hivyo usicheke mwandiko. Sisi huku tu wazima. Amosi amepona surua, na baba yake bado ni mpishi kule hospitalini. Je, ninyi? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa asubuhi? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Niandikie yote, hata yale madogo, kwa maana huku ninasikia habari za majirani tu na zimenichosha.

Nilikueleza kwamba tulinunua kona ya shamba la Mama Njoki, yule mjane Mkikuyu tuliyekuwa tukipanga kwake. Sasa tunajenga. Ni vyumba vya mawe, kimoja chetu na vingine vya kupangisha. Baba Amosi alitaka kazi yote apewe kontrakta mmoja, mtu wa tai na pikipiki. Mimi nikakataa. Huyo kontrakta nilimwona akimjengea mwalimu mmoja hapa chini. Anafika, anapiga kelele kidogo, anaondoka, na mafundi ndio wanaobaki wakijenga. Nikasema, kama kazi yake ni kupiga kelele, hata mimi naiweza, nitatafuta kila fundi mwenyewe. Baba Amosi akacheka, akaniambia haya, jenga, lakini mvua ikikuta kuta ziko wazi bila mabati, namwita kontrakta wangu na wewe unarudi jikoni. Tangu siku hiyo hajakanyaga pale. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, anauliza chakula.

Basi nikaanza. Vijana wa kuchimba msingi niliwapata sokoni. Wa mbao nilimpata Kibera, upande wa Makina, mzee mwenye mkono mzuri na ahadi za uongo. Na wa mawe ni Shivachi, mtu wa kwetu, kwao ni ng'ambo tu ya ule mto tuliokuwa tukifulia. Nilipomsikia akiongea lugha yetu nilimpenda kama ndugu. Anaweka jiwe mara moja tu, hasogezisogezi, na akiliwekea pima maji unakuta limelala sawa.

Kosa langu lilikuwa fremu. Sikujua kwamba fremu za milango na madirisha husimamishwa wakati ukuta unapanda. Nilidhani unajenga kwanza, halafu unatia mlango, kama vile unavyoshona shati kisha unatia vifungo. Kuta zikafika magotini, mapengo ya mlango yameachwa mbele na nyuma, Shivachi akaweka mwiko chini.

"Mama Amosi, fremu ziko wapi? Ama nijengee dirisha kwa hewa?"

Nikashika njia ya Kibera kwa miguu. Mzee wa mbao ananiambia kesho. Nikienda kesho, ananiambia kesho. Na huku Shivachi amekaa juu ya mawe yangu hana la kufanya, na ng'ambo ya ua Mama Njoki naye anajenga vyumba vyake vya kupangisha. Akamwita: "Fundi, kama huko hakuna kazi, si unisaidie hapa kidogo?"

Siku niliyopata fremu nilirudi nazo kwa mkokoteni, miguu imevimba. Nikamkuta Shivachi kwa Mama Njoki, amekalia stuli, anakula kuku. Na juu ya ugali wake, dada, imondo. Firigisi nzima, haijakatwa.

Wewe wajua mambo yetu. Imondo ni ya mwenye nyumba, mwanamke haionji, hata mtoto wake aililie namna gani hapewi. Mwanamke akimwekea mwanamume mwingine, huyo amemwambia karibu, hapa ni kwako. Mama Njoki hakujua hayo, kwao hakuna. Lakini Shivachi alijua vizuri sana. Alikuwa anaitafuna polepole, macho juu, kama mtu anayesikiliza kwaya.

Kuanzia hapo sikumpata tena. Kila asubuhi ni namaliza hapa kidogo, Mama Amosi, nakuja. Fremu zangu zikalala chini. Nami nikageuka mtu wa kuchungulia. Ua wetu una bati lenye tundu, basi ninachota maji ninachungulia, ninaosha vyombo ninachungulia. Ukuta wa Mama Njoki unapanda. Kila mwanya kati ya jiwe na jiwe Shivachi anaupitisha mwiko mpaka unateleza. Kwangu alikuwa akisema hakuna haja, plasta itafunika. Na anapiga mluzi! Kwangu hakuwahi kupiga mluzi hata siku moja.

Sitakuficha, niliona wivu. Si ule wa kuona mtu ana kitenge kipya. Nikimsikia Mama Njoki akisema fundi karibu chai, natamani maziwa yake yakatike. Mimi na ulokole wangu, dada. Na kule kwenye vilima vya Ngong mawingu yanajikusanya, na Baba Amosi anakula, kisha anatazama juu.

Mwishowe Mama Njoki mwenyewe aliniuliza pale bombani.

"Mama Amosi, siku hizi unaniangalia vibaya. Nimekukosea?"

"Ulimpa fundi wangu firigisi."

"Firigisi?" Akashangaa. "Mimi hiyo kitu siipendi, ni kama kutafuna raba. Nilimpa tu. Kwani kwenu nani hukula?"

"Mzee wa nyumba."

"Na mimi sina mzee. Sasa ningefanya nini?"

Nilibeba debe langu nikaenda, na wivu ukazidi mara mbili. Sasa haukuwa wa fundi peke yake. Huyu mama udongo ni wake, ukuta ni wake, hata imondo anaweza kuitupa akitaka. Mimi ninabeba maji, ninagombana na watu wa mchanga, na watu wakipita wanasema, Baba Amosi anajenga, mwanamume ni huyu.

Nikachinja kuku wangu, yule wa madoadoa aliyekuwa akitaga. Nikamwita Shivachi chakula cha mchana, pale pale katikati ya kuta zangu za magotini. Nikampa sahani, na imondo nikaiweka juu. Nilijua ninalofanya, nawe unalijua. Lakini nilisema kama ndiyo bei ya kumrudisha fundi wangu, basi iwe.

Aliitazama, akaweka sahani chini.

"Hii siwezi kula, Mama Amosi."

"Kwa Mama Njoki uliweza."

"Yule hajui. Wewe unajua."

"Basi nimpe nani?"

"Mwenye nyumba." Kisha akatazama pande zote, kama anamtafuta huyo mtu. "Na mwenye nyumba hapa ni nani? Tangu nianze kazi hapa sijaona mzee hata akileta jiwe moja. Nikikuuliza dirisha likae wapi, unasema ngoja nimuulize Baba Amosi. Nikikuuliza mlango, ngoja nimuulize. Sasa mimi nangoja mpaka lini? Mama Njoki nikimuuliza ananijibu hapo hapo, naendelea na kazi. Ndiyo sababu niko huko. Si kuku."

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kukasirikia, kwa maana ni kweli. Hata siku ya kwanza kabisa, aliponiuliza vyumba virefu kiasi gani, nilimwambia arudi kesho.

Nikanyoosha mkono, nikaichukua ile imondo kwenye sahani yake, nikaila. Nimekaa juu ya jiwe, yeye ananitazama. Ni ngumu kidogo, ukitafuna inakwaruza, lakini ni tamu. Si ajabu walituficha.

Shivachi hakucheka. Alikula ugali wake na paja, akanawa, akauliza, "Haya, mlango mkubwa utazame wapi?"

Mdomo ulikuwa tayari kusema ngoja. Nikasema, "Barabarani." Akachukua kamba yake. Kufikia jioni fremu ya mlango imesimama, imefungwa kwa mbao pande zote mbili.

Jioni Baba Amosi aliletewa mchuzi. Akakoroga bakuli na kijiko, akakoroga tena.

"Imondo iko wapi?"

"Imeliwa."

Uso ulibadilika. "Na Shivachi?"

"Na mimi."

Nilingoja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, au aniambie nifunge virago nirudi kwetu. Alikula shingo na bawa, akajilalia. Kulipopambazuka hakwenda moja kwa moja kazini. Alikwenda kiwanjani, mara yake ya kwanza, akazunguka kuta akizigusa kwa kiganja, akapita kwenye fremu ya mlango akatoka, akapita tena. Akaniuliza, "Mabati unaezeka lini?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi, kuta zikifika juu na mvua ikikubali. Akaitikia, akaenda kazini akiwa amechelewa.

Usidhani wivu umeisha. Mabati ya Mama Njoki yameshapanda na yananing'aria machoni kila asubuhi. Lakini mluzi sasa unapigwa upande huu wa ua.

Nisalimie mama, na hapo pa kuku usimsomee, ruka. Nisalimie shemeji yangu anayekutunza, na shangazi aliyenifundisha kushona, na mjomba wetu mpiga ngoma wa kanisani. Waambie Loise anajenga.

Na wewe dada, kwa siri yetu sisi wawili, miaka yote hiyo ya kuwapikia wengine, uliwahi kuionja hiyo imondo?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Loise, Mama Amosi.