Mbao Zilizonifikisha kwa Furukombe

Kulwa pacha wangu,

Huku Mwanza mimi ni mzima, nimeshiba sato, nguo zimejaa matope.

Leo asubuhi tulikwenda kikundi kizima ufukweni kuangalia ndege. Wametandika njia ya mbao ili hata kiti changu cha magurudumu kipite. Lakini ziwa limejaa, na karibu na mafunjo mbao za mwisho zilikuwa zimesombwa na maji. Mbele ni tope tupu. Mwenzetu mmoja akavua viatu, akasema, "Dada, njoo nikubebe." Nikamjibu, "Asante kaka, lakini tukifika huko nitakaa wapi?"

Nilikuwa karibu kuwaambia waniache hapo waendelee. Neema, mwongozaji wetu, hakuningoja. Alirudi nyuma akaanza kuinua mbao tulizokwisha kuzipita, akazilaza mbele yangu. Wengine wakamsaidia. Nikasogea, wakahamisha tena, nikasogea tena, wao wakizama topeni hadi magotini, mpaka tukafika majini.

Hatukusubiri sana. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, akashuka akamkwapua samaki mbele yangu kabisa, maji yakanirukia usoni. Nililia, Kulwa, sikufichi. Neema akashtuka: "Vipi, umeumia?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimezoea kusimuliwa tu mambo kama haya."

Mama mpe shikamoo yangu, watoto wakumbatie kwa niaba yangu. Natamani ungekuwepo.

Dotto wako