Jina Lako Kwenye Mashine

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa mafua. Shemeji aliniambia umepiga chafya mpaka kuku wamehama. Watoto hawajambo? Mimi nipo, kazi zinakwenda.

Nataka kukueleza vizuri ile simu ya hospitali iliyokutia kiwewe Jumanne.

Wiki iliyopita tuliletewa mashine mpya ya kupiga picha za matiti kwa altrasaundi. Sio ile ya kushika mkononi niliyoizoea miaka tisa. Hii ina bamba pana linalolazwa juu ya titi, linapiga picha lenyewe, kisha kompyuta inaunganisha vipande mpaka unaliona titi lote, juu, chini na ndani. Fundi aliyetufundisha alikataa tuanze na wagonjwa. Tukapanda kitandani sisi wenyewe kwa zamu, kila mtu akapigwa na mwenzake.

Zamu yangu ilipofika, mashine ikataka jina, umri na namba ya simu. Nikataja vya kwako! Miaka miwili nakubembeleza uje kupimwa, wewe ni leo kesho, leo kesho. Nikawaambia wenzangu, basi angalau jina lake lipimwe. Tulicheka mpaka jeli ya kupaka kifuani ikamwagika, tukasahau kuifuta ile picha.

Daktari anayesoma picha hakai chumba chetu. Kesho yake aliikuta pamoja na za wagonjwa, akaona kivimbe, akaagiza mwenye jina aitwe. Ndipo karani akakupigia.

Uliponipigia unalia kwamba hujawahi kukanyaga hapa, nilikwambia kompyuta imechanganya majina, ulale usingizi. Ukanishukuru. Mimi ambaye kila siku nawaambia wanawake wasiogope, niliogopa, dada. Niliogopa sana.

Kompyuta haikukosea. Titi ni langu, la kushoto. Nimerudia picha kwa jina langu, na kivimbe kipo palepale. Alhamisi saa tatu asubuhi watachukua kipande kidogo kwa sindano wakakipime. Huenda si kitu, lakini daktari hakuniahidi.

Usinigombeze kwa simu. Njoo unigombeze hapa, halafu na wewe upande kile kitanda, bamba nitaliweka mwenyewe. Karani aliniuliza apigiwe nani nikipata shida. Nimeandika jina lako tena, na safari hii sikucheka.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu mafua yakiisha.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere