Kwa Baba Yetu Ewald, Karani wa Vitabu vya Ubatizo

Mwaka umetimia jana, Baba, tangu tukuzike nyuma ya kanisa, na bado Mama anakumenyea viazi vyako viwili kila Jumapili, kisha anajicheka.

Tunakumbuka ulivyopiga mluzi ukipanda kuitia ufunguo saa ya mnara. Tunakumbuka ulivyomrudishia Mama orodha yake ya sokoni ukiwa umeisahihisha, naye akakununia siku nzima. Miaka thelathini na moja uliandika waliobatizwa na waliozikwa, wala hukukosea hata tarehe moja.

Kisha wakaja Wanazi, na ghafla mji mzima ukataka cheti cha ubatizo cha bibi. Bila karatasi ya kuonyesha kwamba huna asili ya Kiyahudi, kazi ya serikali huna. Watu ambao hawakukanyaga kanisani tangu kipaimara walipanga foleni mlangoni pako. "Fanya haraka, Mzee Trautwein, au bibi yangu kakutoroka?" walikutania, nawe ukacheka nao.

Mwalimu Siebold, aliyetufundisha kusoma sisi wanao wote, alikuja pia. Kitabu kilisema bibi yake alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa, binti wa Myahudi. Mimi Hedda nilikuwa nafagia palepale.

"Andika tarehe tu, Mzee. Hayo mengine yaache."

"Mwalimu, mimi naandika kilichomo. Nikianza kuruka, nitaishia wapi?"

Kabla ya likizo ya kiangazi alikuwa ameshafukuzwa kazi. Majirani waliozoea kula keki kwake wakawa wanavuka barabara wakimwona. Nasi tulivuka, Baba, tuseme kweli. Akahama na mkewe, na hatujui walikoishia.

Vita vilipokwisha uliandika barua kila ofisi kumtafuta. Hukujibiwa. Siku mbili kabla hujatutoka nilikwambia, "Lakini Baba, wewe hukusema uongo."

Ukanigeukia. "Hedda mwanangu, ningekuwa na mwandiko mbaya siku moja tu, ningepungukiwa nini?"

Ukatuomba tusiandike kaburini kwamba ulikuwa mtu mwaminifu. Tulilia, tukabishana, mwanao Gerwin akakasirika kabisa. Mwishowe hatukuandika. Jiwe lako lina jina na miaka yako, basi.

Tulikupenda sana, na tunakupenda. Mkeo Ottilie, wanao Hedda na Gerwin, mkwe wako Lorenz na wajukuu zako watatu, tutakukumbuka siku zote, na Mwalimu Siebold pamoja nawe.